Vikombe kwa mkeka: vile tuliomba shule Chechelesi na mimi nikaharibu kwanza

Wakuu, salaam aleikum kwa wenye salaam, na habari zenu kwa wenye habari. Huku Isiolo tunatoa zote mbili ndio asiachwe mtu. Hii nawapa vile ilikuwa, hata pale mimi ndio naonekana mjinga.

Nauza maji na mkokoteni wa punda hapa Chechelesi. Shule niliachia darasa la nane. Mama yangu ni Mmeru, anauza nyanya. Majirani zetu wengi ni Waborana.

Mtaa umekua mbio. Kila wiki nakuta nyumba mpya pale nilikuwa napitisha punda.

Lakini shule ilikuwa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanakuja bila hodi.

Sasa, kuna mtoto wa jirani anaitwa Kabale. Miaka saba, hajaanza shule. Nyanya yake, wote tunamwita Akko, alikataa kabisa avuke laga.

Kabale alikuwa ananisomea maandishi ya mitungi. Hajui kusoma, anabuni tu. Ule mtungi wa njano uliokuwa wa mafuta ya kupika aliusoma, "Maji ya Kabale."

Nikashindwa kumsahihisha.

Ndio nikaanza kuota shule upande wetu. (Mimi ni mtu wa kuota. Punda wangu anaitwa Profesa.)

Nikaenda ofisi ya elimu. Afisa, mama mmoja mpole, akaniambia nimletee idadi ya watoto, aone kama wanatosha.

Nikanunua daftari. Kila nikishusha maji nauliza, mama, una watoto wangapi? Na kidole kinaelekeza: mmoja, wawili, watatu.

Mama wa kwanza akasema wawili. Nyuma yake naona vichwa vinne. Nikadhani wengine ni wageni.

Wa pili akasema, "Wapo tu." Mwingine akaingiza wake ndani, akafunga mlango. Hata Akko alisema hana mtoto, na Kabale amemshika leso.

Nikaandika nilichoambiwa. Afisa akasoma ukurasa mmoja na nusu, akafunga daftari. Ni wachache, akasema, waendelee tu kuvuka.

Nilirudi kwa Akko, nikamweleza vile afisa amekataa.

"Wewe mtoto wa muuza nyanya," akaniambia, "mtoto anaelekezewa kidole na kuhesabiwa kama mbuzi wa soko? Unamwitia mabaya. Hata ngamia zangu sijawahi kuhesabu. Nikiangalia, najua nani hayuko."

Wakuu, nimezaliwa hapa. Nimekunywa chai kwa hizo nyumba zote. Sikujua.

Nikaomba msamaha. Nikamwambia bila hesabu hakuna shule, na bila shule Kabale atabaki kusoma mitungi.

Akazungusha kikombe chake mkononi.

"Mwambie huyo mama aje anywe chai."

Jumamosi asubuhi afisa akaja. Akko alikuwa amepitisha neno: kila mtoto wa kwenda shule, kikombe chake kiletwe. Mtoto mwenyewe abaki nyumbani.

Akina mama wakaanza kufika. Vya plastiki, vya bati, kimoja hakina mkono. Wakavipanga kwa mkeka mpaka mkeka ukaisha, vikaendelea kwa mchanga.

Hakuna aliyetaja namba. Afisa akainama juu ya mkeka. Halafu akahesabu vikombe polepole, midomo tu ikicheza.

Akafika kwa kimoja cheupe kimebambuka rangi. Akauliza ni cha mtoto gani.

"Changu," Akko akasema. "Na mimi hawakunipeleka."

Wamama wakacheka. Afisa hakucheka. Akakihesabu.

Idadi ilitosha. Leo tuna madarasa mawili ya mabati, upande wetu wa laga. Maji ya shule tunapeleka mimi na Profesa.

Juzi Kabale alisimama kwa ule mtungi wa njano. Akafuata herufi na kidole, moja moja. Akaniangalia kama nimemdanganya.

"Hapa hakuna Kabale. Wameandika mafuta."

Nikatafuta makaa, nikamwandikia jina lake hapo chini, kubwa. Akalisoma mara tatu.

Nilichojifunza: kuishi na watu miaka yote si kuwajua. Siku hizi nauliza kwanza vile watu huulizwa.

Nyinyi je, kuna mahali mlienda na nia safi mkaulizia vibaya? Semeni hapo chini, hakuna wa kucheka mwenzake.