Mahindi Nyuma ya Pipa

Overoli za kituo cha utafiti hazikuwa na mifuko. Zilipoletwa zilikuwa nayo, ila Daktari, yaani mtafiti mkuu, aliamuru yote ishonwe, maana mfuko humeza punje mwenyewe asijue. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka shambani na punje, jani, wala tope la kiatu. Langoni watu walioshana buti wawili wawili, kila mmoja akimwinamia mwenzake, kisha overoli zikabaki kwenye misumari ya ukutani.

Ulinzi wote huo ulikuwa wa mahindi. Yalikuwa yamebadilishwa vinasaba ili yastahimili dawa ya kuua magugu. Ukipulizia shamba zima, magugu yanakufa, na mahindi ya kawaida yaliyopandwa pembeni kwa kulinganisha yanakufa pia, lakini haya yanabaki wima kana kwamba hayakuambiwa kitu. Bado yalikuwa yanachunguzwa. Punje moja tu ikionekana nje ya uzio, utafiti unasimamishwa, na aliyeitoa anakwenda kutafuta kazi kwingine.

Aliyepulizia dawa hiyo walimwita Mama Pampu. Mtoto hakuwa naye. Alichobeba mgongoni ni pampu. Alikuwa mfupi, na overoli zilishonewa wanaume warefu, kwa hiyo yake aliikunja miguuni mara mbili. Mikunjo hiyo haikumjia mtu akilini, si yeye wala Daktari aliyeamuru mifuko yote ishonwe.

Msimu wa kupanda, maji yakakatika kituoni na overoli yake ikaanza kunuka. Akaitia mkobani, akaenda kuifua nyumbani. Aliona ni usafi tu, na usafi haujawahi kumfukuzisha mtu kazi. Alipoikunjua miguu uani, udongo ukamwagika kwenye sakafu ya kufulia, akaumiminia maji, ukaenda zake mferejini.

Mvua zikanyesha, na overoli akaisahau. Hadi asubuhi moja ya mapumziko, sabuni ilipomponyoka ikateleza nyuma ya pipa la maji. Akalisogeza pipa aichukue, akakutana uso kwa uso na mashina matatu ya mahindi yaliyomfika magotini, mabichi, yamenawiri kweli kweli.

Sabuni akaiacha hapo hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alikumbuka ile mikunjo miwili ya overoli.

Akamfuata mama yake chumbani. Bibi huyo alihamia kwa bintiye baada ya mumewe kufariki na shamba kuuzwa, na tangu hapo walipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya mwanamke mkali aliyewakataza wapangaji kupanda hata mchicha uani.

"Mama, yale mahindi ya nyuma ya pipa umepanda wewe?"

"Mahindi gani?" Mama aliendelea kukunja nguo. "Yatakuwa yameota yenyewe. Mimi na miguu hii nipande nini?"

Jibu hilo lilimmaliza. Alijua vizuri kwamba mahindi hayaoti yenyewe. Lazima kuna mtu aliyeangusha punje. Angeweza kuyang'oa, lakini angeng'oa mahindi tu, wasiwasi ungebaki na mizizi yake. Je, kama punje nyingine zilifuata mfereji hadi kwenye bustani za majirani? Kama yalikuwa ya kituo, ilibidi aseme, naye akisema kazi imekwisha na kodi ya chumba nayo imekwisha. Kama si ya kituo, angejipalia makaa bure.

Njia ya kujua ilikuwa moja, nayo ndiyo kazi yake. Alikwenda duka la pembejeo akanunua kichupa kidogo cha dawa ya magugu. Muuzaji alimuuliza shamba lake lina ukubwa gani, akajibu mashina matatu, na muuzaji akacheka hadi akasahau chenji. Mama alipokwenda kliniki, akaichanganya dawa kwa kipimo cha kazini, akaitia kwenye chupa ya kunyunyizia nywele, akayapulizia mahindi juu na chini ya majani. Yakifa, ni ya kawaida. Yakisimama, ameanguka yeye.

Dawa hiyo haina haraka. Kila akiamka alikimbilia uani, akarudi ndani, akatoka tena, kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kazini alipulizia mstari mmoja mara mbili, Daktari akamuuliza kama anaumwa. Alisema ni usingizi. Akilala, hageuki akapata upande. Sidhani kuna mtu mwingine aliyewahi kuombea mahindi yafe kwa moyo wote namna ile. Na nyumbani mama naye hakutulia, kutwa anasema anakwenda kuanua nguo, hata siku ambazo hakukuwa na nguo kwenye kamba.

Kisha jioni moja akarudi kutoka kazini na, kabla hajaufikia mlango, akayaona kwa mbali, yakichungulia ubavuni mwa pipa: majani yamegeuka manjano, yameinamisha vichwa. Furaha ilimpanda akataka kupiga kigelegele. Hayakuwa ya kituo. Alikuwa salama.

Ndipo akamwona mama. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya pipa, kikombe cha maji mkononi, anayafuta majani moja moja kwa kiganja.

"Nayanywesha kila siku, na bado yananyauka," mama alisema bila kugeuka. "Wewe ndiwe mtu wa mahindi. Hebu tazama, yanaumwa nini?"

Akachutama kando yake. "Si ulisema yameota yenyewe?"

"Niliogopa utanikataza kwa sababu ya mama mwenye nyumba. Ni mbegu ya baba yako. Shamba lilipouzwa nilificha punje tatu kwenye pindo la nguo, nikaona heri niziweke ardhini kabla sijafa nazo."

Kudanganya kulikuwa rahisi. Angesema ni ugonjwa, ni wadudu, ni udongo wa uani, na mama angeamini.

"Ni dawa, mama. Niliyapulizia mimi. Nilidhani ni ya kazini."

Mama alikiweka kikombe chini polepole. "Si ungeniuliza, mwanangu."

"Nilikuuliza, mama."

"Kweli," mama akasema. "Uliniuliza."

Mama Pampu aliokota ile sabuni, iliyokuwa bado nyuma ya pipa, akaichukua mikono ya mama yake iliyokuwa ikifuta majani yenye dawa, akaiosha kidole kwa kidole, kama wanavyooshana langoni, kisha akaiosha tena.