Niko Eda, na Jirani Yangu Anauza Shamba Anunue Hisa Zetu za Mafuta

(Mwenye kisa hiki ameomba tusimtaje. Majina tumeyabadili. Majibu yenu yatachapishwa kwenye ukurasa huu huu.)

Mhariri, nifichie jina, maana huku Iringa tunajuana mpaka kwa kukohoa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina watoto watatu, na mume wangu alifariki miezi miwili iliyopita kwa homa ya siku nne. Niko eda. Sitoki nje, sijipambi, nguo zangu ni nyeupe, na mwanamume asiye maharimu wangu haingii nilipo. Kazi yangu ni kukaa na kuwaza, na mawazo yanataka kuniua.

Marehemu alikuwa na duka la nguo. Miaka mitatu nyuma alinunua hisa katika kampuni ndogo ya Wazungu waliokuwa wakichimba petroli na gesi bondeni, mbele ya Mbeya. Alinieleza kwamba ukitoa fedha zako unakuwa na fungu katika kampuni, nayo ikipata faida unaletewa gawio lako. Nilimcheka. "Petroli ya bondeni? Si ungeninunulia mbuzi, nikamwona akitembea!" Lakini gawio likaja kweli. La kwanza likaezeka nyumba kwa mabati, la pili likaninunulia cherehani. Basi mdomo wangu sikuuweza tena. Kila mwanamke aliyekuja kushonewa nilimwambia cherehani hii imeletwa na mafuta, mimi nimekaa tu, sijainama shambani. Tena nilisema kwa madaha. Aliyenisikiliza kuliko wote ni jirani yangu, nitamwita Mama Yohana, Mhehe wa Kilutheri, aliyefiwa na mumewe kabla yangu.

Gawio la tatu halikuja. Ikaja barua ya Kiingereza, mume wangu akaisoma, akapanda lori kwenda Mbeya kwa wakala wa kampuni. Aliporudi alikaa kitandani na viatu vyake miguuni. Akaniambia, "Mama Zuhura, kile kisima hakijatoa hata kikombe kimoja. Gawio tulilokula lilikuwa fedha za watu walionunua hisa nyuma yetu. Usimwambie mtu mpaka nijue la kufanya." Huyu ni mtu ambaye shuka likitobolewa na panya alimfunulia mnunuzi tundu lenyewe kabla hajataja bei. Mwezi haukuisha, homa ikamchukua.

Sasa tangu msiba, anayenitekea maji ni Mama Yohana. Anawaogesha wanangu, ananiletea viazi na togwa, wala hajawahi kununa. Juzi akaja, akakaa mkekani karibu yangu.

"Kamwene, dada," akanisalimu kwa Kihehe. "Shemeji yako kaniambia hisa za marehemu zitauzwa. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, mimi hapa nipo. Lile shamba langu la Kilolo nimempata wa kulinunua."

Nikamwambia, "Fikiri kwanza, mwenzangu."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Wewe ulifikiri ulipoletewa cherehani? Mgongo wangu umekwisha, dada. Na mimi nikae kama wewe."

Nikanyamaza. Mungu ananiona, nilinyamaza.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alipokuja kutoka Mbeya nilisema naye nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Shemeji, huyu mama tusimuuzie. Marehemu alisema kisima ni kikavu."

"Kampuni imesimama, haijafa," akanijibu.

"Unajua kama ninavyojua mimi."

Akasema polepole, "Marehemu hayupo wa kusema. Hizo ni mali za mayatima, shemeji. Ukizitupa utawalisha nini, nyuzi? Fungua mdomo wako, watu waseme kaka yangu alikuwa laghai, na mimi hao watoto nitawachukua nikawalee kwangu Uyole. Chagua."

Nilimsikia Zuhura uani akiwaimbia wadogo zake.

Zimebaki wiki kumi nitoke eda. Siku hiyo tutakwenda Mbeya sote watatu, shemeji, Mama Yohana na mimi, nami, kama mama wa warithi, nitatia sahihi kwa mkono wangu huu. Bila sahihi yangu hisa haziuziki. Msiniandikie kwamba kuficha kasoro ya kitu unachouza ni haramu. Nalijua hilo tangu chuoni kwa mwalimu, nikiwa mtoto. Niambieni nitamwambiaje Mama Yohana na watoto wangu wabaki nami. Na kwa kuwa nimeficha jina, niseme lote: kuna saa natamani anunue. Kuna siku nilimtazama akitua ndoo yangu ya maji, jasho linamtoka, nikasema moyoni, shauri yake, nani alimlazimisha? Nilijichukia hata chakula kikanishinda.

Posta siwezi kwenda, na barua hii ataipeleka Mama Yohana mwenyewe. Ninavyoandika amesimama mlangoni na kanga yake mabegani, ameniuliza naandika nini, nimemwambia mambo ya mirathi. Anasema, "Fanya upesi, dada, posta watafunga. Na nikitoka huko napita kwa yule mtu, leo ananipa arubuni ya shamba." Akishaipokea hiyo arubuni, shamba si lake tena. Wenzangu, mama zangu, baba zangu, nishaurini: nimpe bahasha aende, au nimkalishe hapa nimsomee? Mkiona kisa hiki kimechapishwa, jueni nilimpa.