Kamati Yetu ya Kutabiri Kikapu

Usharika wetu uko kwenye barabara ya kutoka Soni kwenda Bumbuli, na una usharika rafiki huko Marekani, katika jimbo ambalo theluji hukaa miezi mitano. Urafiki huo una kamati, maana kwetu hata urafiki hauaminiki mpaka uwe na mwenyekiti. Kamati ilikuwa na watu wanne, pamoja na wa tano aliyehamia Tanga zamani lakini jina lake bado lilisomwa kila kikao, kisha ikaandikwa kwamba ametoa udhuru. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu nilikuwa mwalimu wa sekondari na nilikuwa na kompyuta. Sifa nyingine hawakuulizia.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa, bwana shamba mstaafu mwenye chai yake upande wa Mponde. Miaka ya nyuma alipelekwa kwa marafiki wetu kwa majuma matatu, akarudi na koti zito na maneno matatu: "Nilipokuwa kule, jamani." Maneno hayo yalimaliza mjadala wowote, uwe wa mbolea, wa ndoa au wa paa la kanisa. Nyumba aliyofikia ilikuwa na ringi ya kikapu juu ya mlango wa gereji. Mpira wenyewe hakuwahi kuurusha, nilimwuliza. Lakini aliiona ile ringi kila asubuhi kwa majuma matatu, na kwa hesabu zake hiyo ilitosha kumfanya mtaalamu.

Mimi nilicheza kikapu sekondari na chuo cha ualimu, na goti langu la kushoto hunikumbusha kila masika. Ligi ya Marekani naifuata kwenye simu asubuhi, uji ukiwa jikoni. Najua nani kaumia kifundo, nani kagombana na kocha, nani anacheza vizuri nyumbani tu. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba kiburi nilikuwa nacho kabla ya mambo yote kuanza.

Mwezi wa nne ikaja barua pepe kutoka kwa marafiki. Walipendekeza mchezo: raundi ya kwanza ya mtoano ilikuwa inakaribia, timu kumi na sita, jozi nane. Kila usharika utabiri mshindi wa kila jozi, na atashinda katika mechi ngapi, kwa kuwa anayepita ni yule anayefikisha ushindi wa mara nne. Usharika utakaoshindwa utaimba wimbo ibadani kwa lugha ya wenzao na kutuma video. Mwenyekiti aliposikia kwamba Wamarekani wanaweza kusimama kanisani kwao wakaimba Kishambaa, alifumba macho kidogo kama mtu anayeonja asali.

"Kikao Jumamosi," akasema.

Tulikutana katika ofisi ya usharika, ukungu umeziba dirisha, magimbi ya kuchemsha na birika la chai mezani. Tukafungua kwa sala. Tukathibitisha ajenda. Mwenzetu wa Tanga akatoa udhuru.

Jozi ya kwanza, mwenyekiti aliitazama karatasi, akaweka kidole juu ya jina la mji mmoja. "Hapa nilibadilisha ndege. Walinipa kahawa baridi. Nikaomba wapashe, yule binti akaniangalia tu. Watu wa namna hii hawafiki mbali."

"Niandike hivyo, mzee?" nikauliza.

"Andika wametolewa. Habari ya kahawa iache."

Mama mhazini, mjane mwenye bustani kubwa ya karoti na sauti ya kumsimamisha ng'ombe aliyekwishaanza kukimbia, alitaka kujua ni wachezaji gani wenye wake na watoto. Nikamwambia mpira haukaguliwi vyeti vya ndoa. Akasema ndiyo maana unachezwa ovyo. Alizichagua timu zenye wachezaji wazee wazee, kwa sababu mtu mwenye familia anajua kuamka mapema. Mwalimu wa kwaya yeye aliyatamka majina ya timu kwa sauti, moja moja, akisikiliza. Lililokuwa na irabu nzuri mwishoni lilipita. Lililokwama kwenye meno likatolewa.

Nilikaa na kalamu yangu. Hakuna aliyeniuliza ninaonaje. Na mimi, kusema kweli, sikusema. Niliona raha kubwa zaidi kukaa kimya na kuwadharau.

Tukafika jozi ya timu ya mji wa marafiki zetu. Ilikuwa imeingia kwenye mtoano kwa kubahatisha, nafasi ya nane, na ilikuwa inakutana na timu ya kwanza, iliyokuwa ikiwanyoa watu tangu msimu uanze.

"Hii haina mjadala," mwenyekiti akasema. "Marafiki wanashinda."

"Ngapi?" mwalimu wa kwaya akauliza.

"Nne bila."

"Mwe!" mama mhazini akaruka. "Nne bila ni kumdhalilisha mtu mbele ya watoto wake. Waachieni wale wenzao moja."

Wakakubaliana nne kwa moja, kwa ajili ya adabu. Zile jozi nyingine saba walizipa mechi saba zote, ili asiwepo wa kuaibika. Nikaandika muhtasari, mwenyekiti akatia sahihi, tukafunga kwa sala.

Nilifika nyumbani nikiwa nimevimba. Niliona sura za wale Wamarekani wakisoma karatasi yetu na kucheka: Waafrika maskini, hawajui hata nani ni nani. Nilijiambia nalinda heshima ya usharika, lakini heshima niliyokuwa naihangaikia ilikuwa yangu. Jina la katibu lingekuwa chini ya ile karatasi.

Nikafungua kompyuta nikabadilisha. Kati ya jozi nane, nilizigeuza tano. Timu ya marafiki nikaitoa nne bila, bila huruma. Nikabonyeza kutuma, kisha nikaenda kusahihisha madaftari ya kidato cha pili kwa moyo mweupe kabisa, nikiwapa wanafunzi sifuri kwa kunakili.

Mechi zikaanza. Huko kwao ni jioni, huku kwetu karibu kunakucha, kwa hiyo nilikuwa napata matokeo wakati wa uji. Asubuhi ya kwanza timu ya marafiki zetu ilishinda. Nikatabasamu: ajali. Baada ya siku mbili ikashinda tena. Nikasoma kwamba nyota wa timu ya kwanza ameteguka kifundo, nikapata unafuu, kwa sababu hilo halikuwa kosa langu. Ya tatu wakapoteza. Nikanywa uji kwa furaha. Kisha wakashinda mbili mfululizo, na jozi ikaisha nne kwa moja, kama mama mhazini alivyoagiza.

Uji ule uliungua. Siku hiyo niliunywa hivyo hivyo.

Mwenyekiti naye alikuwa anapata habari kwa njia yake. Mwenyeji wake wa zamani alikuwa akimtumia ujumbe kwenye simu, na yeye akiutafsiri jinsi alivyopenda. Jumapili alinivizia mlangoni mwa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Wale wa kahawa baridi wametolewa!"

"Nimeona, mzee."

"Mechi ya saba! Si tulisema saba?"

"Mlisema saba."

"Tulisema," akanirekebisha, akanishika bega. "Na wewe umo. Usijitoe kwenye ushindi."

Siku hiyo hiyo, kwenye matangazo, kati ya ndoa iliyotangazwa mara ya pili na ng'ombe aliyepotea tangu Alhamisi, mwenyekiti alisimama na kuliambia kanisa zima kwamba kamati ya urafiki inaongoza, na kwamba hivi karibuni tutawasikia wenzetu wa Marekani wakiimba kwa lugha ya mama zetu. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema amina. Mimi nikainamia kitabu cha nyimbo nikatafuta ukurasa ambao sikuuhitaji.

Ningeweza kumwambia jioni ile. Ningeweza kumwambia Jumatatu, nilipompita barabarani amesimama na wachuma chai, akiwaeleza maana ya raundi ya kwanza kwa kutumia kikapu cha chai na gimbi. Badala yake nikawa naomba kila asubuhi kwamba kamati yangu ikosee. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nimesimama jikoni namwombea Mzee wa Kahawa Baridi mabaya. Hakuna kilichosaidia. Timu zenye irabu nzuri zilikuwa zinapita. Waume wenye watoto walikuwa wanarusha mpira kutoka mbali na unaingia.

Jozi ya nane ilipoisha, nikaketi nikahesabu. Kamati ilipata sita. Mimi nilipata tatu.

Kilichoniumbua ni picha. Marafiki walipanga majibu yote kwenye jedwali, yetu na yao, na yule mwenyeji akalipiga picha na kumtumia mwenyekiti moja kwa moja. Wao walikuwa wamepata tano. Chini alikuwa ameandika kwa utani: hata ninyi mlidhani timu yetu itapigwa! Sisi wenyewe tulidhani hivyo, msione aibu.

Kikao cha dharura kiliitwa siku ya Jumanne. Hapakuwa na magimbi. Mwenyekiti aliweka simu mezani, kando yake faili lenye muhtasari wenye sahihi yake, akavaa miwani.

"Katibu," akasema, "tusomee jozi ya kwanza. Kwanza kwenye muhtasari. Halafu kwenye simu."

Nikasoma. Akasema niendelee. Nilisoma zote nane, na kila palipokuwa na tofauti mwalimu wa kwaya alikuwa anagonga meza kwa kidole, polepole, kana kwamba anahesabia wimbo. Aligonga mara tano.

"Nadhani ni mtandao," nikasema. "Siku ile ulikuwa unasumbua."

Mama mhazini akanigeukia mwili mzima. "Mtandao ndio uliowatoa marafiki zetu nne bila?" Kisha akahamia Kishambaa, na sitayaandika aliyoyasema, ila kwamba alimtaja marehemu bibi yangu kwa jina na kumhurumia.

Nikakiri. Nikaeleza kuhusu kifundo, kuhusu nafasi ya kwanza na ya nane, kuhusu wastani wa pointi ugenini. Walinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilikuwa baya kuliko kukatizwa, kwa sababu kila nilichosema kilikuwa cha kitaalamu na kila kitu kilikuwa kimeshindwa.

"Kwa hiyo wewe ulijua," mwenyekiti akasema.

"Nilidhani najua, mzee."

"Na sisi tulikuwa hatujui."

Nikalifunga lile faili.

"Na tumepata sita."

Wakanibakiza kwenye ukatibu, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye kompyuta, ila iliandikwa, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba kuanzia siku hiyo barua pepe yoyote itatumwa mama mhazini akiwa ameketi kando ya katibu. Mama mhazini hasomi Kiingereza. Alisema hana haja nacho, atakuwa ananitazama usoni.

Wimbo tuliuimba Jumapili iliyofuata, kwa Kiingereza, beti tatu. Kwaya ilifanya mazoezi mvua ikipiga bati. Ubeti wa pili hakuna aliyeuelewa, na mimi ninayefundisha nilipoulizwa maana yake nilitunga. Mwalimu wa kwaya aliniweka mstari wa mbele, katikati, mahali ambapo kamera haiwezi kumkosa mtu. Mimi sijui kuimba. Anajua sijui kuimba. Kwenye ile video ninaonekana nafungua mdomo baada ya wenzangu wote kuufunga, na nasikia kule Marekani waliirudia sehemu hiyo mara kadhaa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kwa mwenyekiti kuomba radhi peke yangu. Nilimkuta kati ya mistari ya chai, akipunguza matawi. Nikamwamkia, nikasema niliyokuja kusema. Aliendelea kukata.

"Kubadilisha kwako hakukunikasirisha sana," akasema hatimaye. "Vijana wote wanadhani sisi ni wajinga. Kilichonikasirisha ni kwamba ulikaa pale ukatuandikia, ukatumiminia chai, ukatucheka moyoni. Ungesema."

"Mngenikatalia, mzee."

"Tungekukatalia kabisa! Tungepiga kura, ungeshindwa tatu kwa moja, ukaenda nyumbani na heshima yako. Kamati ni ya nini?"

Nikamwambia nimeelewa. Akanipa mapeasi kwenye mfuko wa rambo, akaniuliza kuhusu goti langu, akasema alipokuwa kule aliona watu wanabadilishiwa goti zima. Nikashuka.

Njiani nilipita kwenye kona ambapo mtandao unashika, simu ikalia. Raundi ya pili ilikuwa inaendelea, na timu ya marafiki zetu ilikuwa imechapwa pointi nyingi mno. Nilisimama nikasoma habari yote, nikala peasi moja, nikaisoma tena. Nikajua kabisa nani atapita katika jozi zote nne. Nikaangalia nyuma, kule juu kwenye chai, nikaona mzee ameinama na mkasi wake. Nikaendelea kushuka.