Nakshi Aliyonyimwa Veronika

Siku ya gulio pale Matema, vyungu vya Yunis hujulikana kabla hujamwona mwenyewe. Shingoni vina mistari myeupe iliyopindana mara tatu, nakshi aliyoachiwa na mama yake, marehemu Naomi. Naomi alichora huku akiimba chinichini, mguu mmoja kaunyoosha, na Yunis mdogo kamshikia kibakuli cha udongo mweupe. Siku zile zilikuwa tamu, nani atabisha? Mfinyanzi akitaka nakshi ya mwenzake alikwenda kwake, akaketi chini, akaomba. Mwenye nakshi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Mwaka jana binti wa Yunis, Prisca, auzaye vitenge mtaa wa Bondeni, alimwekea picha za vyungu kwenye programu ya kuuzia vitu mtandaoni. Simu ikauliza kama anakubali masharti. Prisca alitaka kuyasoma kwanza, Yunis akamkatiza: mgeni ameuliza kwa adabu, umwache mlangoni? Akabonyeza "Nakubali" kwa kidole chake mwenyewe, kingali na udongo. Sisi wa huku, adabu itatumaliza.

Viliuzika vyungu vitatu. Kisha Prisca akaja na kikombe cha kiwandani alichokikuta dukani Kyela mjini, kimezungukwa na mistari ile ile. Yunis akaomba asomewe masharti, neno kwa neno. Picha na michoro iliyomo ni mali yako, yalisema, ila umeturuhusu kuitumia, kuibadilisha na kuwapa wengine bila malipo. Hata ukiifuta, ruhusa uliyokwisha kutoa inabaki.

"Sasa hiyo mali yangu ni ya nini?" akauliza.

Lakini kilichomuuma Yunis hasa si kiwanda. Mama yake mdogo, Veronika, aliwahi kuja kuiomba nakshi hiyo. Aliketi chini kwa adabu zote, na Naomi akamnyima. Ndugu wa tumbo moja wakanuniana miaka ishirini, mpaka Naomi anazikwa. Na baada ya mazishi Yunis naye akaendelea kumnyima, kwa heshima ya marehemu.

Asubuhi baada ya kusomewa masharti alikwenda kwa Veronika. Safari hii aliketi chini yeye. Akamweleza yote bila kuficha, akamwomba radhi, akamwambia achore apendavyo.

Veronika alivitazama vidole vyake, vilivyopindwa na baridi yabisi.

"Ndaga, asante mwanangu," akasema. "Ungekuja nikiwa bado nafinyanga."