Sinia la Ndege Ambayo Haikuruka

Mimi ni mwanamke niliyezaa watoto saba, nikazika mume, nikaswaga mbuzi kwa miguu mwaka wa ukame mpaka karibu na Lowarengak, na sijawahi kuona haya mbele ya mtu. Lakini siku ile, mbele ya chifu na mchungaji na kina mama wote wa kikundi chetu, niliomba ardhi ya Lodwar ipasuke inimeze, na ardhi ikakataa (ardhi yetu ni ngumu, hata mvua huwa inakataa kuimeza). Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine wanatia chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Mambo yalianza na sinia. Nilipokuwa mke mbichi, hapa Lodwar palikuwa na fundi Mwingereza wa kutengeneza ndege ndogo za mapadri, tukimwita Lokwang kwa sababu ya weupe wake, na mimi ndiye niliyemfulia nguo. Siku anarudi kwao, mzee amechoka, alinipa bati moja jepesi sana, pana kama mlango wa banda la kuku, limepinda kidogo ukingoni, lina matundu ya skrubu pande zote na namba zimegongwa kwenye kona. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Mama, hii ya ndege yangu. Ndege ya vita. Haikuruka." Nikamwuliza, ilianguka? Akasema hapana, haikuruka hata siku moja, serikali yao iliamka asubuhi ikasema wacheni, na wao walikuwa karibu kumaliza. Nikamwonea huruma kwa sababu macho yake yalikuwa na maji, kisha nikaenda zangu na bati langu, nikapakulia nyama.

Tangu siku hiyo hilo ndilo sinia la wageni. Mabinti zangu wote wameozwa juu yake, nyama ya posa imelala hapo. Nilimwambia kila mke wa mwanangu anayeingia bomani: mgeni wa heshima asipopakuliwa kwenye sinia la Lokwang, mimi nimetukanwa. (Shikeni maneno hayo, ndiyo yaliyokuja kuninyonga.)

Sasa mjukuu wangu Akiru anasomea ufundi wa ndege Nairobi. Msichana, ndiyo, na mwenye kucheka acheke, anafungua injini kama mimi ninavyochuna mbuzi. Likizo moja akaanza kulitazama lile sinia, akaligeuza, akalisugua kwa majivu, akapiga picha zile namba kwa simu. Baada ya wiki chache akaniita kwa jina letu la bibi, "Ata! Kaa chini kwanza." Akanieleza kwamba huko Uingereza kuna wazee wanakusanya mabaki ya ile ndege ya Lokwang. Waziri wao wa zamani aliona siku zijazo vita itapiganwa na makombora yasiyo na rubani, basi akafuta ndege nyingi ambazo zilikuwa hazijamalizika, nyingine zikakatwa kwa moto, nyingine wakapewa wanajeshi wazipige risasi za mazoezi, na hii moja pua yake ilikutwa kwenye stoo ya shule, mkia kwa mkulima mmoja aliyekuwa anafunikia kuni. Wameunganisha karibu ubavu mzima. Pamebaki tundu moja. Na tundu hilo ni sinia langu.

"Ata, wanakuja kuliona. Na wakikuta nilichowaambia ni kweli, wananichukua miezi sita nijifunze nao. Wamesema hawataki mtu wa maneno maneno."

Mimi nikatafuna tumbaku. Mtu apande ndege kutoka Uingereza, aje na hili jua, kwa sababu ya bati la kitu ambacho hakikuruka? Fahali ambaye hajawahi kupanda ng'ombe, nani anaenda kutafuta pembe yake? Hapa kwetu waliwahi kuja watu wakasema wanatafuta maji, baadaye tukasikia mafuta. Nikasema moyoni, bati hili lina kitu. Pengine ni madini. Pengine likitoka bomani kwangu, na ardhi iliyo chini yake inalifuata.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Kwa Akiru sikusema neno. Nilifunga sinia kwenye shuka nikaenda nalo Kakuma, kwa fundi mmoja Mkongo anayeitwa Bahati, ambaye anapasua madebe ya mafuta ya msaada, anayanyoosha, anatengeneza milango ya nyumba za kambi ya wakimbizi, na kazi yake ni safi. Nikamwambia nataka pacha wake. Akalipima, akalizungusha.

"Maman, hii kitu ni ya nini?"

"Ya kupakulia nyama."

"Na namba, nyama inasoma namba?"

"Gonga namba, Bahati."

Akacheka, akagonga. Akapaka rangi ya kijivu, akalichafua na moshi kidogo lizeeke, na kwa kweli mimi mwenyewe nikiyatazama mawili nilitambua langu kwa harufu tu. Nilimlipa beberu mmoja mdogo wa mbuzi, nikarudi Lodwar natembea kama mwenye akili. Sinia la kweli nikalificha kwenye kibanda changu cha kulala, chini ya ngozi.

Mgeni akafika. Mzee mrefu, mwembamba, Akiru akamtambulisha, Bwana Piti, amejifunza kusema "ejok", salamu yetu, na anawasalimia hata mbuzi. Nilimtilia shaka papo hapo, maana alibeba mkebe mrefu wa duara begani na hakuutua hata alipoketi. Ramani, nikajiambia. Ramani ya ardhi yetu imo humo. Tena akauliza, kupitia kwa Akiru, "Ulikaa hapa muda wote? Bati halikuwahi kuondoka hapa?" Hebu fikiria, anachunguza mipaka! Nikajibu, "Mwambie hapa ni kwa baba wa mume wangu na hatuhami."

Chifu akasema machache (yaani mengi), mchungaji akaomba, kisha mimi nikaleta bati la Bahati mikono miwili kama mtoto wa ubatizo. Yule mzee akavaa glavu nyeupe. Jamani, nyeupe pepepe! Akalipokea, akalipima uzito kwa kiganja, na nikaona uso wake unabadilika pole pole kama mtu aliyeonja maziwa akakuta maji. Halafu jua la Lodwar likafanya kazi yake. Rangi ya Bahati ilikuwa haijashika, ikalegea, na alipoondoa mkono glavu ikawa ya kijivu na bati likabaki na vidole vitano vinavyong'aa, na kati ya vidole maandishi.

Chifu, ambaye hakuna maandishi anayapita bila kuyasoma kwa sauti, akainama. "Mafuta ya kupikia," akasoma. "Ya msaada. Hayauzwi."

Akiru hakuniangalia, aliangalia vidole vyake vya miguu, na mimi badala ya kufunga mdomo nikasema kwa sauti ya juu, "Kwani ndege haitumii mafuta?"

Kina mama wa kikundi walianguka. Mmoja alicheka mpaka akashikilia kiti cha mchungaji. "Na hii ilikuwa inakaanga nini huko juu?" akauliza. Mimi nikasimama hapo na shanga zangu zote shingoni, najiona uchi.

Na ndipo Esta, mama yake Akiru, mtu wa Kitale, mtiifu kuliko wake wote wa wanangu, akatokea jikoni na nyama. Alikuwa ametafuta sinia la wageni boma zima asilione, na kwa kuwa nilimfundisha mwenyewe mgeni apakuliwe kwenye nini, aliingia mpaka chini ya ngozi zangu akalitoa. Mbavu zikalala juu yake, mafuta yanatiririka, akapiga goti akaliweka mbele ya mzungu.

"Samahani Mama, nimechelewa, sijui nani alilificha."

Bwana Piti alivua glavu, akachukua ubavu mmoja kwa adabu. Akachukua wa pili. Nikaona jicho lake limeshikwa na tundu la skrubu. Akasukuma nyama kando kwa kidole, akapangusa mafuta kwa ugali, na namba zikatokea kwenye kona. Yule mzee aliacha kutafuna. Akaweka kiganja kizima kwenye mafuta ya moto akakiacha hapo.

"Ata," Akiru akasema polepole, na sauti yake ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Kwa nini?"

Nikasema ukweli, kwa kuwa uongo ulikuwa umekwisha. "Kwa sababu hakuna mtu anayetoka mbali hivyo kufuata kitu kidogo. Na hiyo ramani begani kwake ni ya nini?"

Akiru akatafsiri. Mzee akafungua mkebe, akatoa karatasi nyeupe tupu, akaikunjua. Haikuwa na mto wala mlima. Akasema hakuja kuchukua chochote, alikuja kuchora sinia langu kwenye karatasi, matundu na yote, ili huko kwao wachonge lingine la mfano, na langu libaki kwangu.

Mnasikia? Alikuja kutengeneza pacha. Mimi nilishamtengenezea pacha, nikamdanganya kwa kitu kile kile alichotaka kuomba!

Nikaziangalia zile namba. Kwetu mbuzi akipotea akaingia kwenye kundi lako, unatazama alama. Kama si alama yako unamlisha, unamlinda, hata miaka, lakini mwenyewe akija hubishani naye. Na mzee huyu alikuwa amekuja amesimama mbele ya mnyama wa kwao, anaomba ruhusa ya kumchora tu. Nikamwambia Akiru, "Mwambie alama ni yake. Nililifuga tu. Achukue, na awaambie wenzake mjukuu wangu hakusema uongo, mwongo ni mimi." Akiru alitafsiri mpaka hapo pa mwisho, akashindwa, chifu akamalizia.

Akiru alikwenda. Alinitumia picha: ndege ndefu kama mamba, haina injini, haina bawa moja, na yeye amepiga magoti ubavuni anafunga skrubu ya mwisho ya sinia langu kwa mkono wake. Anasema walilisafisha mara tatu, lakini taa zikilipasha moto banda lao lote linanuka mbuzi wa Turkana, na wale wazee wamekataa lisafishwe tena.

Na mimi? Nimeapa: nitaendelea kushuku, siwezi kuacha, lakini nitashuku kwa mdomo, mgeni akinisikia, kabla sijaenda kwa fundi. Maana bati la Bahati ndilo limebaki, na ndilo Esta anapakulia wageni sasa. Rangi yote imetoka. Kila mtu akimaliza nyama anakuta maandishi, anayasoma, ananiangalia, na mimi nageuka nawahesabu mbuzi.