Heche na Ndege Iliyomtangulia Mwanza

JAMANI BOKE KARUDI NYUMBANI! Miaka mitatu hamwongeleshi kaka yake, leo wako pamoja kijijini kwao Nyarero wanakunywa uji! Na ngoja usikie ilivyokuwa, maana Heche mwenyewe mpaka sasa haelewi.

Heche ni mfugaji, mtu wa watu, ila mbishi huyo! Mke wake alimuoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake Boke, na kwa Wakurya dada wa hivyo humchezei. Sasa Boke akalazwa huko Dar, Heche hakwenda hata kumwona. Boke akanuna jumla. Juzi ndo akapiga simu: "Nakuja na ndege mpaka Mwanza. Unipokee wewe mwenyewe, usitume mtu. Nisipokuona pale, nageuza."

Siku yenyewe Heche akapeleka kwanza ng'ombe josho. Mkewe Eunice akamwambia, "Baba Matiko, utachelewa."

"Nachelewaje? Dar ni mbali kuliko huku. Hata tukiondoka pamoja, mimi natangulia."

Stendi ya Tarime, Simon wa bodaboda akamwonyesha simu. "Cheki, Dar mpaka Mwanza kwa ndege ni kilomita mia nane na kitu. Saa moja na nusu."

"Hiyo simu imelewa, mura. Mimi kilomita mia tatu tu nashinda kwenye basi, yeye mia nane atumie saa moja?"

"Juu hakuna matuta, mzee."

"Na watu wa Dodoma wanashukia wapi? Si lazima isimame?"

Simon akabaki anacheka tu. Heche akapanda basi lake, roho kwatu.

Wamefika Lamadi, simu ikalia.

"Nimeshatua," Boke akasema. "Uko wapi?"

"Umetua wapi, Dodoma?"

"Mwanza, Heche! Niko nje nakutafuta."

"Mwanza ipi? Si muda huu ulikuwa Dar?"

"Nakuuliza uko wapi!"

"La... Lamadi."

Simu ikakatwa. Akipiga, haipokelewi. Yaani Heche alitoka jasho mpaka dereva akamwangalia kwenye kioo. Dada anageuza, hivi hivi! Na kichwani hesabu zinagoma: nimetoka kabla yake, kwangu ni karibu, sasa kanipitaje?

Uwanja wa ndege akaingia mbio na gambuti zake za josho. Boke kakaa juu ya begi anangoja ndege ya kurudi Dar, uso kaugeuzia huko.

"Shikamoo dada. Hiyo ndege imepita wapi? Njia nzima sijaiona!"

Boke alikuwa kajiandaa kumtukana, kicheko kikawahi. "Ulikuwa unaitafuta barabarani?"

"Na juu pia nilichungulia."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akamkazia macho. "Na hospitali ulikosa njia hivi hivi?"

Heche akaangalia chini. "Hapana. Niliogopa. Nilijua nitakukuta umekufa."

Boke akajifuta macho, akamsukumia begi. "Beba, twende nyumbani."

Kwenye basi la kurudi, wamepita Magu, wamepita Bunda, Heche bado anauliza: "Dada, kama Dar ni saa moja na nusu, mbona nyumbani hatufiki?"

"Nyamaza, mura, nilale."

Basi, ukimaliza kusoma mtumie na mwenzako, hasa mwenye ndugu anayekuja na ndege.