Kesi ya Besi Dirishani kwa Ronny

Manasseh Onyiego aliuza dawa za ng'ombe pale Ikonge, lakini ungemuuliza kazi yake angekwambia yeye ni mwimba besi. Mambo ya kupe na minyoo yalifuata baadaye, tena ukimuuliza mara ya pili. Alikuwa na tumbo la heshima na imani moja isiyotikisika, kwamba Mungu alipogawa sauti kwa ukoo wao hakupima kwa kijiko, alimimina. Sabato akisimama mstari wa nyuma katika kwaya ya kanisa, kidevu kimezama shingoni, vioo vya madirisha vilitetemeka. Hayo alisema yeye. Vioo havikuwahi kuulizwa.

Sasa, mwaka huu kwaya ilikwenda Kisii mjini kurekodi wimbo wa makambi, ule mkutano wa kanisa unaokusanya watu wa kila kilima. Wimbo uliporudi, wakausikiliza kwenye simu ya mwenyekiti wao, mzee Nyangate. Ubeti wa kwanza ulikuwa asali. Katika ubeti wa pili kila mtu akakunja uso. Kulikuwa na sauti moja ya besi iliyokuwa ikiteleza, taratibu, kama mtu aliyebeba kikapu cha majani chai kwenye mteremko wenye tope. Nyangate hapendi ugomvi, lakini masikio anayo.

"Wenye besi ni wawili tu," alisema. "Mmoja apumzike makambi haya. Mkae, muelewane ni nani. Mkishindwa, Jumapili nitachagua mimi."

Besi wa pili alikuwa Ochoki, fundi wa nguo, jirani yake Manasseh, mtu mpole anayeongea huku pini ziko mdomoni. Manasseh hakuwa na chembe ya shaka. Usiponiamini, muulize mkewe Persis, mwimba alto, aliyelishwa habari hiyo asubuhi, mchana na jioni.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Ronny. Ni Ochoki. Mimi namsikia akiteleza hapa ubavuni."

Persis aliendelea kuchagua maharagwe. "Na wewe je, ulishawahi kujisikia?"

"Mimi nitajisikiaje? Mimi ndiye ninayeimba!"

Kwa Manasseh hilo lilikuwa jibu kamili. Shida ilikuwa ushahidi. Kwenye spika ya simu besi zote mbili zilikuwa uji mmoja, na zile hedifoni za bei ya chee alizonunua soko la Daraja Mbili zilivuma mpaka meno yakawasha. Alihitaji kitu cha kutenganisha sauti na sauti. Ndipo akapanda kwenda Kisii kumwona Duncan, kijana anayeuza vyombo vya muziki vilivyotumika ng'ambo.

Duncan alimwonyesha kwanza hedifoni nzito, nyeusi, za kuchomeka moja kwa moja kwenye simu. Manasseh akasikiliza. Besi ya Ochoki, besi yake, na pengine besi ya Farao, zote zilipiga kwa pamoja.

"Hizi zinaongeza chumvi," alilalamika.

"Basi mzee unataka za umemetuli," Duncan akasema, akatoa nyingine, nyepesi, pana, zenye matundu pande zote mbili. "Ndani hakuna spika. Kuna utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, umekaa katikati ya vyuma viwili vyenye matundu. Umeme unauvuta huku, unausukuma kule. Ngoma ya disko hupati hapa. Unapata ukweli."

"Ukweli ndio ninaoutaka. Nipe ile kubwa kabisa."

"Usikimbilie kubwa. Hizi ni za kuanzia, lakini utando ni uleule. Pesa yako itie kwenye kisanduku." Maana hedifoni hizo, Duncan alieleza, hazijui simu wala redio. Zinataka kisanduku chao cha kuzipa nguvu, zaidi ya volti mia tano, bila hicho zimekufa. Alikuwa na viwili. Manasseh akashika kile cha zamani kwa kuwa kilikuwa na tundu sita, na tundu sita ni nyingi kuliko tano.

"Weka chini, mzee wangu. Zako zina pini tano, na hicho nguvu yake ni ndogo, zitakunong'oneza tu. Chukua hiki cha tundu tano. Lakini shika neno langu: kimetoka Japani, kinakula volti mia. Ukikichomeka kwenye stima yetu hivihivi, utarudi hapa na majivu."

Pesa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya kochi jipya ikaisha siku hiyo. Persis alipoona mzigo na kusikia habari ya volti mia tano, aliketi.

"Baba Ronny, huo si ule umeme wa nyaya tunazouza za kuzungushia ng'ombe?"

"Ni jamaa yake. Volti nyingi, nguvu kidogo."

"Na wewe unataka kujizungushia kichwani! Nyasae one, Mungu wangu! Ng'ombe mwenyewe akiguswa mara moja harudi."

Ikabaki kupata kitransfoma cha kushusha umeme hadi mia. Katika Ikonge nzima kilikuwa kimoja, na Mungu ana vichekesho vyake, kilikuwa cha Ochoki, aliyekitumia kwenye cherehani yake ya Kijapani. Manasseh alizunguka soko mara kadhaa akitafuta njia ya kukwepa aibu, hakuiona. Akaingia kwa Ochoki, akasalimia, akasifu hali ya hewa.

"Unataka kunisikiliza mimi kwa kutumia transfoma yangu?" Ochoki aliuliza, akatoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Sawa tu. Nitakibeba mwenyewe. Hiki ni mtoto wangu, simwachi peke yake."

Wiki hiyohiyo radi ilikuwa imepiga transfoma kubwa ya kijiji, na stima haikuwepo sokoni wala nyumbani. Sehemu moja tu ilikuwa na umeme, nyumba ya Ronny, mwana wa Manasseh, iliyokuwa hapohapo bomani. Ronny aliweka sola na inveta kubwa ukutani alipomwoa Lavender. Ungedhani tatizo limekwisha. Kwa Mgusii tatizo ndiyo kwanza limeanza. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kuna heshima kati yao, wenyewe huiita chinsoni, na haisikii habari za besi wala soprano. Manasseh alishiriki kupima msingi wa nyumba hiyo, akasimamia mabati yakipigwa, lakini tangu Lavender aingie na masufuria yake, hajui ndani pana rangi gani.

Ronny, anayefanya kazi mjini Nyamira, alijaribu kuwa wa kisasa. "Tata, baba yangu, ingia tu. Ni dakika kidogo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Manasseh alifoka. "Nitafute haki ya besi kwa kuvunja miiko? Fungua dirisha."

Basi ndivyo ilivyokuwa Jumapili mchana. Waya wa ekstensheni ulitoka kwenye inveta, ukapita chini ya picha ya arusi, ukaishia dirishani. Transfoma ya Ochoki ikakaa juu ya kiti cha Lavender kwa upande wa ndani. Kisanduku cha Japani kikapanda kizingiti cha dirisha. Nje, chini ya mchirizi wa mabati, Manasseh aliketi kwenye kigoda, hedifoni kichwani, uso ukitazama ukuta. Waya wa hedifoni ulikuwa mfupi, kwa hiyo shingo yake ilivutwa juu kidogo kama ya jogoo anayetaka kuwika. Ochoki alisimama karibu kulinda mali yake. Nyangate alikuja na fimbo, kama hakimu. Hata kuku walikuja.

Mvua nayo haikukosa mwaliko. Persis akachukua mwavuli, akasimama nyuma ya mumewe, akaufungua juu ya kile kisanduku na kile kichwa. Yeye mwenyewe bega moja lilibaki nje.

"Lavender, mwanangu, washa," Manasseh aliamuru.

"Imewaka, tata. Taa imekuwa nyekundu."

Wote wakarudi hatua moja, wakimsubiri aungue. Hakuungua. Alingoja kisanduku kipate joto kama alivyoagizwa, kisha akabonyeza wimbo kwenye simu.

Jamani. Manasseh alifumbua mdomo. Kwaya haikuwa tena ndani ya simu, ilikuwa imesimama pale kwenye migomba ya Ronny, kila mtu mahali pake. Alimsikia soprano mmoja akimeza mate. Alisikia kurasa zikifunguliwa. Kwa kuwa hedifoni zile ziko wazi kwa nje, wenzake nao walisikia kwaya nyembamba, ya mbu, ikitoka kwenye masikio ya mzee.

"Ubeti wa pili unakuja!" akatangaza kwa sauti kubwa, akainua kidole, tayari kumwelekezea Ochoki.

Besi wa kushoto alikuwa Ochoki. Unyenyekevu wake wote ulikuwemo, na noti ilikuwa imenyooka kama pindo la suruali. Besi wa kulia alianza kwa kishindo, akavimba, akafika katikati, akaanza kuteleza. Manasseh aliijua sauti ile. Alikuwa akioga nayo.

Kidole kilibaki hewani hakina pa kwenda. Akarudisha wimbo nyuma. Akausikiliza tena, maana mtu huwa na matumaini. Nyani haoni kundule, lakini akinunuliwa kioo cha Japani ataona tu. Mara hii alisikia na jambo jingine, dogo, hapo mbele ya yule besi anayeporomoka. Kulikuwa na sauti ya alto. Kila besi alipoanza kuteleza, alto hiyo ilipanda kidogo tu, ikasimama kati yake na watu. Aliporudi kwenye noti, nayo ikashuka, ikajichanganya na wenzake kana kwamba haikufanya kitu. Ilifanya hivyo bila kukosea. Kazi ya namna hiyo hujifunzi kwa wimbo mmoja. Unajifunza kwa miaka.

Manasseh alivua hedifoni. Alimtazama Persis, bega lake limelowa chapachapa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Ronny akiwa mgongoni," Persis akasema. "Shika mwavuli, mkono umekufa ganzi."

Nyangate akakohoa. "Basi, omogaka, mzee mwenzangu, ni nani?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema uongo, na sitakuficha, Manasseh aliitazama. Hakuna mwingine aliyevaa hedifoni. Ochoki alikuwa ameinamisha kichwa, tayari kupokea chochote, mtu mzima ovyo asiyejua hata kujitetea.

"Ni mimi," Manasseh alisema. Ilimuuma kuliko ng'ombe kumkanyaga.

Ochoki akashusha pumzi. "Afadhali umesema. Suti ya besi ya makambi nilishashona moja tu, yangu."

"Ulijua?"

"Nimesimama karibu nawe miaka yote hiyo. Sikio hili la upande wako lilijua."

Makambi yalipofika, Manasseh aliketi kwenye viti na watu wengine, amevaa koti lake la kawaida, midomo ameibana. Kwaya ikasimama. Ubeti wa kwanza ulikuwa asali. Ubeti wa pili ukafika katikati, pale pa kuteleza. Ochoki alisimama kwenye noti yake peke yake, hakuteleza mtu. Lakini Persis, kwa mazoea tu, alipandisha sauti kidogo, akamfunika mumewe asiyekuwapo.

Hapakuwa na kisanduku wala sola pale. Manasseh aliisikia sauti ile wazi kabisa, akalia mbele ya kanisa zima, na alilia kwa soprano.